Nyaya za Nano: Kulizuia Joto, Kuuachia Umeme

Kipande cha madini kikipashwa moto upande mmoja na upande wa pili ukiachwa baridi, elektroni zilizomo ndani yake huanza kuhama. Zile za upande wa moto zina nguvu zaidi, hukimbilia upande wa baridi na kurundikana huko, na mrundikano huo huzaa volteji. Ncha mbili zikiunganishwa kwa waya, umeme hupita. Hakuna gurudumu linalozunguka, hakuna mvuke, hakuna kelele, hakuna kinachodai grisi. Njia hii ya kugeuza joto kuwa umeme moja kwa moja huitwa themoelektriki, na imejulikana kwa miaka 200 na zaidi.

Aliyeichunguza kwanza kwa makini ni Thomas Johann Seebeck, huko Berlin, mwaka 1821. Aliunga bismathi na shaba zikafanya kitanzi, akapasha moto kiungo kimoja, na sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Seebeck akaamua kwamba joto limezaa usumaku. Mdenmarki Hans Christian Ørsted alieleza kwamba kilichoigeuza sindano ni mkondo wa umeme, lakini Seebeck mwenyewe hakushawishika. Ukaidi huo haukumnyima heshima: volteji inayozaliwa kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto huitwa kipimo cha Seebeck mpaka leo. Mwaka 1834 Mfaransa Jean Peltier, fundi saa aliyegeukia fizikia, akakuta jambo hilo linafanya kazi kinyumenyume pia. Umeme ukipitishwa kwenye viungo vya metali mbili tofauti, kiungo kimoja hupoa na kingine hupata moto. Vijokofu vidogo vya ndani ya gari visivyo na kompresa vinatumia ugunduzi wa Peltier.

Kwa zaidi ya karne moja, hata hivyo, jambo hili lilibaki zaidi katika vipimajoto vya viwandani. Sababu ni uchache wa umeme wenyewe. Metali za kawaida hutoa mikrovolti chache tu kwa kila nyuzi, na mikrovolti moja ni sehemu moja ya milioni ya volti. Mabadiliko yalikuja pale watafiti walipoachana na metali wakageukia nusu-vipitishi. Katika Umoja wa Kisovyeti, Abram Ioffe na wenzake wa Leningrad waliifanyia kazi njia hiyo kwa bidii, na katika miaka ya 1950 ikatoka bidhaa ambayo watu wa redio wana haki ya kuikumbuka: taa ya mafuta ya taa iliyozungushiwa, juu ya kioo chake, pete ya vipande vya themoelektriki na mapezi ya chuma ya kutupa joto. Moto wa utambi uliangaza chumba, na joto lililokuwa likipanda bure likageuzwa kuwa wati chache za umeme, zikatosha kuendesha redio ya kijijini mahali ambapo nguzo za umeme zilikuwa hazijafika.

Wakati huohuo Uingereza, mwaka 1954, Julian Goldsmid alionyesha uwezo wa teluraidi ya bismathi. Dutu hii hutoa takribani mikrovolti 200 kwa kila nyuzi. Hutengenezwa kwa namna mbili: moja ambamo umeme hubebwa na elektroni, nyingine ambamo hubebwa na nafasi zilizoachwa na elektroni, ambazo huitwa matundu. Vipande viwili, kimoja cha kila namna, vikiungwa pamoja hufanya jozi yenye mikrovolti 400 kwa nyuzi. Bamba la kawaida linalouzwa madukani, lenye ukubwa wa sentimita nne kwa nne, mara nyingi huwa na jozi 127 zilizopangwa mfululizo. Tofauti ya joto ikiwa nyuzi 100, hesabu inatoa volti tano hivi kabla ya kuunganishwa na chombo chochote. Si haba. Tatizo halikuwa volteji tena. Lilikuwa ni kiasi gani cha joto kinageuka umeme, na kiasi gani kinapita tu.

Ubora wa dutu ya themoelektriki hupimwa kwa namba moja iitwayo ZT. Namba hii hupatikana kwa kuchukua kipimo cha Seebeck na kukizidisha chenyewe kwa chenyewe, kisha kukizidisha kwa upitishaji wa umeme na kwa halijoto, na matokeo yote kugawanywa kwa upitishaji wa joto. Kwa maneno mengine, dutu nzuri itoe volteji kubwa, ipitishe umeme kwa urahisi, na ilizuie joto. Sharti la tatu huwashangaza wengi, kwa kuwa kazi yenyewe ni kutumia joto. Lakini joto likivuka haraka kutoka upande wa moto hadi wa baridi, pande mbili hulingana, na bila tofauti hakuna volteji.

Teluraidi ya bismathi ina ZT ya takribani 1, na hapo mambo yalikwama tangu miaka ya 1950 hadi miaka ya 1990. Maana ya namba hiyo huonekana kwa mfano wa hesabu. Upande wa moto ukiwa na nyuzi 227 za Selsiasi na wa baridi nyuzi 27, sheria za fizikia haziruhusu mashine yoyote ile kugeuza zaidi ya asilimia 40 ya joto kuwa kazi. Dutu yenye ZT ya 1 inaambulia asilimia 8. ZT ikipanda hadi 3, ufanisi unafika asilimia 15. Mitambo ya mvuke ya vituo vikubwa vya umeme hufanya vizuri zaidi ya hapo, na ndiyo maana themoelektriki haijawahi kuwa tishio kwao. Uwanja wake ni mahali ambapo mtambo wa mvuke hauingii: bomba la moshi la lori, ukuta wa tanuri, chombo cha anga za juu.

Ugumu wa kuipandisha ZT unatokana na jinsi sifa zile tatu zilivyofungamana. Tangu mwaka 1853 Wajerumani Gustav Wiedemann na Rudolph Franz walibaini kwamba metali inayopitisha umeme vizuri hupitisha joto vizuri kwa kiwango hichohicho, kwa kuwa mbebaji ni mmoja. Shaba hupitisha vyote viwili. Kioo huzuia vyote viwili. Ukiongeza elektroni ili umeme upite vizuri, kipimo cha Seebeck hushuka. Kila anayerekebisha upande mmoja huharibu mwingine. Mwanafizikia Mmarekani Glen Slack alilieleza lengo katika miaka ya 1990 kwa maneno yaliyokuja kushika: dutu inayotakiwa ni ile ambayo mbele ya elektroni ni fuwele na mbele ya joto ni kioo.

Pengo la kupenyea lipo, nalo ni hili. Katika nusu-vipitishi, sehemu kubwa ya joto haibebwi na elektroni. Hubebwa na mitetemo ya atomu zenyewe. Atomu katika fuwele zimepangwa kwa safu na kushikana. Moja ikitikisika humtikisa jirani, na mtikisiko husafiri kama wimbi. Wanafizikia huihesabu mitetemo hiyo kana kwamba ni chembe, wakaziita fononi. Ndani ya silikoni, fononi nyingi husafiri mamia ya nanomita, baadhi hata zaidi ya elfu moja, kabla ya kugonga kitu na kupoteza mwelekeo. Elektroni katika silikoni iliyotiwa uchafu wa makusudi ili ipitishe umeme hugonga mapema zaidi, baada ya nanomita chache au makumi machache hivi. Basi njia ikifanywa nyembamba kiasi cha nanomita 50, hali inakuwa kama ya uchochoro wa Mji Mkongwe, Unguja: baiskeli inapita kama kawaida, lori linakwama. Elektroni haisikii tofauti kubwa, kwa kuwa safari zake zilikuwa fupi tangu mwanzo. Fononi hugonga ukuta kila mara.

Waya wa unene huo ndio huitwa waya wa nano. Nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa nanomita elfu hamsini hadi laki moja. Nyaya elfu moja na zaidi za nano zinaweza kupangwa ubavu kwa ubavu katika upana wa unywele mmoja.

Lakini si wazo la fononi lililofungua mlango huu. Mwaka 1993, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Lyndon Hicks na Mildred Dresselhaus walichapisha hesabu mbili, moja kuhusu tabaka nyembamba sana na nyingine kuhusu nyaya. Dresselhaus, mzaliwa wa Brooklyn mwaka 1930, alikuwa ameshajijengea jina kwa utafiti wa kaboni. Hoja yao ilihusu elektroni zenyewe. Elektroni ikibanwa katika waya mwembamba mno, kanuni za kwanta huilazimisha kukaa katika viwango maalumu vya nishati, na viwango hivyo hujikusanya kwa namna inayokipandisha kipimo cha Seebeck bila kuunyima umeme njia. Kwa kadiri waya unavyokonda ndivyo ZT inavyopaa, ilisema hesabu. Faida ya kuzuia joto ilitajwa pia, ila kama nyongeza.

Hesabu hizo zilifufua fani iliyokuwa imelala kwa miongo mitatu. Kikundi cha MIT kilitengeneza nyaya za bismathi kwa kujaza vitundu vya alumina, dutu ambayo ikitengenezwa kwa umeme ndani ya asidi hujitoboa yenyewe vitundu vilivyosimama wima kwa mpangilio mzuri ajabu. Ilithibitika kwamba bismathi, ambayo kwa kawaida ni nusu-metali, hugeuka kuwa nusu-kipitishi waya unapofika nanomita 50 hivi. Hilo nadharia ilikuwa imelitabiri. ZT kubwa iliyoahidiwa, hata hivyo, haikujitokeza katika vipimo vya nyaya hizo.

Hatua iliyofuata ilitoka California, na kwa dutu ambayo hakuna aliyeitegemea. Silikoni ya kawaida ni ovyo kabisa kwa kazi hii. Inapitisha joto kwa kiwango cha wati 150 kwa mita kwa kelvini, zaidi ya nusu ya uwezo wa aluminiamu, na ZT yake katika joto la kawaida la chumba ni kama 0.01. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiwemo Deyu Li, Peidong Yang na Arun Majumdar, walipima nyaya laini za silikoni zilizokuzwa kwa mbinu iliyogunduliwa katika maabara za Bell mwaka 1964. Katika mbinu hiyo tone dogo la dhahabu iliyoyeyuka hunyonya silikoni kutoka kwenye gesi na kuitema chini yake, ikijipanga ikawa waya. Waya wenye kipenyo cha nanomita 115 ulipitisha joto kwa wati 40 hivi, na ule wa nanomita 22 kwa wati zisizofika 10. Wembamba peke yake ulikuwa umeangusha upitishaji zaidi ya mara kumi.

Namna ya kupima kitu kidogo hivyo inastahili maelezo, kwa kuwa nusu ya ugumu wa fani hii iko hapo. Hakuna kipimajoto kinachoweza kugusishwa kwenye waya wa nano. Watafiti walitengeneza visiwa viwili vidogo vya naitraidi ya silikoni, vinavyoning'inia hewani kwa miguu mirefu myembamba, kila kimoja kikiwa na mkunjo wa platinamu juu yake. Waya mmoja hulazwa uwe daraja kati ya visiwa, chumba huondolewa hewa, kisha umeme hupitishwa kwenye platinamu ya kisiwa kimoja ili kipate joto. Ukinzani wa platinamu hubadilika kadiri joto linavyobadilika, kwa hiyo mkunjo uleule ni jiko na ni kipimajoto. Joto lililofika kisiwa cha pili haliwezi kuwa limepita kwingine isipokuwa kwenye waya na miguu, na lile la kwenye miguu huhesabiwa na kutolewa.

Mwezi wa Januari mwaka 2008 jarida la Nature likachapisha makala mbili katika toleo moja. Ya kwanza ilitoka Berkeley, ikiongozwa na Allon Hochbaum na Renkun Chen. Safari hii nyaya hazikukuzwa, zilichimbwa. Bamba la silikoni lilizamishwa katika mchanganyiko wa nitrati ya fedha na asidi ya hidrofloriki. Fedha hujishika juu ya silikoni kwa kuinyang'anya elektroni, silikoni iliyo chini yake huoksidika, asidi huila, na fedha huzama polepole ikichimba kwenda chini. Kinachobaki ni msitu wa nyaya zilizosimama wima, na kuta zake ni za mikwaruzo, zina mabonde na vilima vya nanomita chache. Mikwaruzo hiyo ndiyo iliyofanya kazi. Nyaya za nanomita 50 hivi zilipitisha joto kwa wati 1.6 tu, karibu mara mia chini ya silikoni ya kawaida na karibu sawa na silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele, huku umeme ukipita bila kupungua sana. ZT ilifika 0.6 katika joto la chumba. Makala ya pili, ya kikundi cha James Heath cha Caltech, ilihusu nyaya za nanomita 10 na 20. Hizo zilifika karibu 1, ila katika kelvini 200, yaani nyuzi 73 chini ya sifuri.

Kilichowasumbua wananadharia ni kwamba namba ya 1.6 ilikuwa ndogo kupita kiasi. Mwaka 1938 Mholanzi Hendrik Casimir alikuwa ameeleza kinachotokea fononi inapogonga ukuta mbovu kabisa: hutawanywa kila upande bila kukumbuka ilikotoka, na safari yake haiwezi kuwa fupi kuliko upana wa njia. Nyaya za Berkeley zilikuwa chini ya kikomo hicho. Wengine walisema vilima vya ukutani huirudisha fononi nyuma au huigongesha mara nyingi mahali pamoja. Wengine walishuku kwamba asidi haikukwaruza ngozi tu, bali iliacha kasoro ndani ya waya. Mjadala huo ulizaa vipimo vingi vya nyaya za mikwaruzo ya viwango tofauti, na jambo moja likawa wazi: ubaya wa ukuta una uzito kama wembamba wenyewe. Faida kubwa ya nyaya za silikoni, basi, ilikuja kwa mlango ambao hesabu za 1993 zilikuwa zimeutaja pembeni.

Kutoka waya mmoja hadi kifaa kuna safari ndefu, na hapa ndipo sifa za magazetini huwa zinakoma. Waya mmoja hutoa umeme usioweza hata kuhisiwa, hivyo inabidi mamilioni yafanye kazi pamoja. Msitu wa nyaya unahitaji kufunikwa juu kwa metali inayogusa kila ncha. Ncha isiyogusa haifanyi kazi, na ukinzani wa pale zinapogusana unaweza kumeza faida yote. Nafasi kati ya nyaya ikijazwa plastiki au kioo ili msitu usivunjike, joto hupata njia ya pembeni. Hata bamba la silikoni lililobaki chini ya msitu lina ukinzani wake.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni ufupi. Tuseme msitu una urefu wa mikromita 50, upitishaji wa 1.6, na tofauti ya nyuzi 100 inatakiwa ibaki kati ya juu na chini. Nyaya zikiwa zimesongamana kabisa, wati 320 za joto zitapita katika kila sentimita moja ya mraba. Rejeta ya gari haikaribii kasi hiyo ya kuondoa joto. Upande wa baridi usipopozwa kwa kasi ya namna hiyo utapata moto nao, na tofauti itaangukia kwingine, kwenye viungio na mapezi, badala ya kuangukia kwenye nyaya. Ndiyo sababu ZT ya waya mmoja haimwambii mhandisi mengi kuhusu kifaa kizima.

Njia mojawapo ya kukwepa kikwazo hicho ni kutozisimamisha nyaya hata kidogo. Nyaya za teluraidi ya bismathi au teluraidi ya risasi zinaweza kutengenezwa kwa wingi katika chupa za kemikali, kisha zikashindiliwa kwa joto na mkandamizo zikawa kipande kigumu cha milimita kadhaa. Ndani yake hubaki mipaka mingi ya nano inayozitawanya fononi. Wazo hilohilo, kwa unga badala ya nyaya, liliwapa watafiti wa Boston College na MIT ZT ya 1.4 kwenye nyuzi 100 za Selsiasi mwaka 2008, na kipande chao kilikatika na kuungwa kama vile vya kawaida vya kiwandani. Halafu mwaka 2014 kikundi cha Mercouri Kanatzidis cha Chuo Kikuu cha Northwestern kikatangaza ZT ya 2.6 katika fuwele moja ya selenaidi ya bati, katika kelvini 923. Hapakuwa na waya, wala nano. Fuwele hiyo huzuia joto kwa maumbile yake, na wanaopenda kusema kwamba njia ya nano ndiyo pekee walipaswa kunyamaza kidogo.

Pamoja na hayo silikoni ina hoja isiyopingika upande wa malighafi. Teluriamu ni adimu katika ganda la dunia kama platinamu, na hupatikana hasa kwenye matope yanayobaki shaba inaposafishwa. Silikoni ni zaidi ya robo ya uzito wa ganda hilo, haina sumu, na viwanda vya kuichonga kwa vipimo vya nano vimeshajengwa kwa ajili ya kompyuta.

Matumizi ya leo ya themoelektriki bado yanategemea dutu za zamani. Vyombo vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, vinaendelea kutuma habari kwa umeme wa joto la plutoniamu linalopita katika mchanganyiko wa silikoni na gemaniamu. Gari la Curiosity, lililotua Mirihi mwaka 2012, lilianza kazi na wati 110 hivi kutoka teluraidi ya risasi na jamii zake. Nchini Kenya limeuzwa jiko la kuni la kampuni ya BioLite ambalo joto lake huendesha feni ya kupunguza moshi na kuchaji simu. Katika kazi kama hizo wati chache zenye uhakika zina thamani kuliko ufanisi mkubwa.

Nyaya za nano zimepata nafasi yake katika vipimo vidogo zaidi. Watafiti wa Barcelona wametengeneza jenereta ndogo juu ya bamba la silikoni kwa kukuza nyaya zikiwa daraja kati ya kingo mbili za mtaro uliochimbwa humo humo. Ukingo mmoja hukaa juu ya kitu chenye moto, bomba la kiwandani kwa mfano, na mwingine hupozwa na hewa. Kwa kuwa nyaya zimeota zikiungana na kingo zote mbili, tatizo la ncha zisizogusa linapungua sana. Umeme unaopatikana ni wa mikrowati, na unakusudiwa vihisio vinavyopima joto au mtikisiko wa mashine na kutuma taarifa kwa mawimbi mara moja moja, bila betri ya kubadilishwa. Hewa yenyewe ndiyo inayobana kwa sasa: ukingo wa baridi ni mdogo mno kuweza kulitupa joto lake upesi, na sehemu kubwa ya utafiti wa miaka ya karibuni imekwenda kwenye kuubandikia mapezi.